Barafu za ubuyu na pikipiki ya mkataba

Mwanangu mkubwa ana shahada ya ugavi. Alimaliza chuo 2021, na mpaka leo bahasha ya kaki yenye vyeti vyake iko juu ya kabati langu hapa Mbagala. Alituma maombi Sekretarieti ya Ajira mpaka akazoea. Mara anaitwa usaili Dodoma, nauli natoa mimi, anarudi kimya. Mwaka jana akaja na habari: mama, nimepata pikipiki ya mkataba.

Sikumkataza. Hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 60, halafu chombo kinakuwa chake. Alishasaini ndipo nikachukua kalamu: 4,320,000. Pikipiki kama ileile, ukilipa taslimu Kariakoo, 2,900,000. Mtoto hakuwa na mtaji, pengine hata angejua angesaini tu. Kilichoniuma ni kwamba hakuwahi kuzidisha. Msomi wa ugavi! Lakini angezoea wapi? Hela za nyumba hii miaka yote nimezifunga kwenye pindo la kanga, na mtoto akiuliza bei ya kitu namwambia nenda kacheze.

Kwa mdogo wake, yuko darasa la sita, nimejirekebisha. Likizo ya Desemba aliomba kuuza barafu za ubuyu. Nikamkopesha 4,500: sukari kilo moja 3,000, ubuyu 1,000, vifuko 500. Zikatoka barafu 60, za mia mia. Zilipoisha akaja anarukaruka na kopo lake: "Mama, nina 4,800!"

Nikamwambia lete daftari. Saba alikula mwenyewe. Tano wamekopa wenzake wa nyumba ya nyuma, na hao tunawajua. Haya, rudisha mtaji wangu. Ikabaki 300, na umeme wa luku bado hatujaugusa.

Alinuna mpaka usiku. Bibi yake akanisema kwamba namzeesha mtoto. Labda ni kweli. Lakini awamu ya pili alijipangia barafu moja ya kula kwa siku, na kwenye mlango wa friji akabandika karatasi: LEO HAKUNA KUKOPA. Kaka yake alipotoka kijiweni na kiu yake, akalipishwa mia.

Juzi niliwakuta barazani na daftari lilelile. Binti ndiye ameshika kalamu, wanazidisha 72,000 kwa wiki 19 zilizobaki.