Nilivyoacha kuamini asilimia nikaanza kusoma malalamiko

Shangazi ndiye aliyeizima projekta. Hakutafuta swichi. Aling'oa waya ukutani, akabaki ameushika kama mtu aliyemkamata nyoka kichwani, huku anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Uani tulikuwa watu kumi na wanne gizani, na hakuna aliyethubutu kuuliza picha ilikuwa imebakisha dakika ngapi.

Sisi tuko Shela, Malindi, na kila Ijumaa baada ya isha ua wetu hugeuka sinema. Projekta niliinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anapiga video za harusi, akaacha. Shuka nyeupe tumeitundika ukutani. Mwanzoni, kusi ikivuma na upepo kuingia kwa nyuma, uso wa stelingi ulikuwa ukifura kama tanga, jicho moja likaenda huku na jingine kule, mpaka tulipofunga chupa za mchanga kwenye pindo. Sitozi mtu hata shilingi. Anayekuja huja na chake: bajia, viazi karai, njugu. Mama hutoa kahawa. Kazi yangu ni moja tu, kuchagua picha, na usiku ule wa waya nilitambua kwamba sijui kuchagua.

Nilikuwa nafanya wanavyofanya wengi. Jumatano usiku nafungua Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, naangalia asilimia, iliyo juu ndiyo naipakua. Bando si bure. Nani atapoteza lake kwa picha ambayo wajuzi wamekwisha kuikataa? Hereditary, picha ya kutisha ya mwaka 2018, ilikuwa na karibu asilimia 90. Niliisoma ile 90 kama alama ya mtihani. Tisini ni A. Nikaita watu.

Kesho yake, nikikwepa kupita mlangoni kwa shangazi, nilikaa nikasoma ile asilimia hupikwaje. Kumbe si alama. Maoni ya kila mhakiki yanahesabiwa kuwa mazuri au mabaya, basi, na asilimia ni hesabu ya waliosema mazuri. Ni kama usimame pale wavuvi wanaposhusha samaki uulize watu mia moja: huyu changu analika? Wote wakisema analika, umepata asilimia 100, na huenda hakuna hata mmoja aliyesema ni mtamu. Ikifika 60 tu, picha inapewa nyanya nyekundu na kuhesabiwa kuwa imefaulu. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wana hesabu yao: maoni ya kila mhakiki wanayapa alama hadi 100, kisha wanatafuta wastani, na wahakiki wengine wanapewa uzito zaidi ya wenzao. Hapo angalau unajua walipenda kiasi gani.

Kilichonifanya nicheke peke yangu ni CinemaScore. Hao hawana haja na wahakiki. Wanawauliza watazamaji wa kawaida wa Marekani, usiku wa kwanza picha inapotoka, nao wanatoa herufi kama za shuleni. Hereditary ilipata D+. Yaani watu waliokata tiketi kwa fedha zao walikuwa upande wa shangazi.

Nilijiuliza sana inakuwaje wajuzi waseme A na wenye tiketi waseme D. Jibu nililofikia ni langu, sikulitoa popote. Mhakiki anatazama picha kwa mamia kila mwaka, kwa sababu ndiyo kazi yake. Amekwisha kuona nyumba yenye shetani, mlango unaojifungua wenyewe, paka anayeruka ghafla. Anachokililia ni kitu kipya, hata kama kinamkera. Mama anatazama moja kwa wiki. Yeye anataka kile kile, ila kipikwe vizuri. Hakuna anayekwenda kwenye karamu akalalamika kwamba pilau ameshawahi kula.

Basi nikaacha kuangalia namba, nikaanza kusoma malalamiko.

Sifa hazinisaidii, maana wahakiki wakisifu wote wanafanana: picha nzuri, waigizaji wazuri, mkurugenzi fundi. Mtu akilalamika ndipo anapokuwa wazi, anakwambia hasa nini kimemuudhi. Nami nikagundua kwamba yanayowaudhi wao, mengi ndiyo yanayotakiwa uani kwetu. Nina kijidaftari, upande mmoja naandika lalamiko, upande wa pili namwandika mtu. Mhakiki akisema hadithi inatabirika, naandika watoto, wao raha yao ni kupiga kelele "yuko nyuma yako!" kabla adui hajatokea, na picha isiyotabirika inawanyima hiyo kazi. Akisema machozi yamelazimishwa, naandika Mama na jirani zake wawili, na leso ziwe karibu. Akisema ngumi zimeifunika hadithi, huyo ni Mjomba, mvuvi mstaafu anayeamini kwamba mtu mwenye haki hahitaji maneno mengi. Ndefu mno? Hapo nasoma zaidi. Ikiwa imerefushwa na nyimbo, ruhusa. Ikiwa imerefushwa na watu kutazama dirishani, Mjomba atakuwa anakoroma kabla kahawa haijapoa.

Sikufika huko peke yangu. Aliyenifungua macho ni Roger Ebert, aliyeandikia gazeti la Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2013, na ambaye mwaka 1975 alikuwa mhakiki wa kwanza wa filamu kupewa tuzo ya Pulitzer. Nilikuwa natafuta picha ya vijana wa mtaani, wale wa mpira, nikaangukia maoni yake juu ya Shaolin Soccer, ile ya Hong Kong ambamo watawa wa kung fu wanacheza kandanda na mpira unawaka moto. Aliipa nyota tatu kati ya nne. Humo humo akaeleza kwamba nyota zake hazilinganishi kila picha na kila picha. Ukimuuliza rafiki kama picha fulani ya shujaa ni nzuri, unauliza ni nzuri ukiiweka kando ya mashujaa wenzake, huulizi kama inafikia tamthilia ya msiba. Nikasema huyu angeweza kukaa baraza yetu. Changu unampima na changu mwenzake, humpimi na mbuzi. Picha ile tuliionyesha mara mbili, na kwa wiki nzima watoto walikuwa wakipiga mateke ya hewani hadi kandambili ya mmoja ikatua juu ya paa la jirani. Bado iko huko.

Vichekesho vimenishinda. Hapo malalamiko na sifa vyote havifai, kwa sababu mzaha unaoegemea maneno ukishavuka bahari unakufa. Mtu akianguka kwenye tope, huyo anacheka naye dunia nzima. Sasa kabla ya kuleta kichekesho naangalia kama watu wanaanguka.

Na kuna kosa moja nusura linifukuzishe nyumbani. Wahakiki wa ng'ambo hawakuandikii wewe uliyeketi kati ya mama yako na bibi yako. Jambo la kitandani linaloweza kuvunja kikao kizima kwetu, kwao halitajwi hata kwa neno moja. Kwa hiyo Alhamisi naiangalia picha yote peke yangu, nimevaa spika za masikioni, kidole kikiwa tayari. Hakuna mhakiki wa kunifanyia hiyo.

Picha za Kihindi ndizo zilizonipa shida ya aina nyingine. Mama amekua nazo, anajua maneno ya Kihindi ya mapenzi na ya matusi na hajui ya kununulia mkate. Kwa miaka wahakiki wa Ulaya na Marekani walikuwa wakizitazama kama ngoma ya watalii: zina nyimbo, zina kelele, haziishi. Kisha mwaka 2022 ikaja RRR ya S. S. Rajamouli, zaidi ya saa tatu, watu wawili wanamenyana na ufalme mzima wa Uingereza, na wahakiki wale wale wakaishangilia. Mwaka uliofuata wimbo wake ukachukua Oscar. Nilipomwambia Mama kwamba Wazungu wameipenda hii, akaniangalia kama niliyemwambia jua limechomoza. "Leo ndio wameona?" Aliitazama yote bila kuinuka, kahawa ikaungua jikoni.

Usiku ule ule Mjomba ndiye aliyeuliza swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa amesikia mara nyingi nikisema mhakiki hivi, mhakiki vile.

"Hawa watu walipwa kutazama picha?"

"Ndio, Mjomba."

"Na wakikosea, wakatwa mshahara?"

Nikamsimulia ya mwaka 1967. Picha ya Bonnie and Clyde ilipotoka, Bosley Crowther, mhakiki wa gazeti la New York Times, mzee aliyekuwa amekalia kiti hicho tangu 1940, aliiponda, akarudia kuiponda. Wasomaji wakamjia juu kwa barua. Mhakiki mwingine, Pauline Kael, akaandika makala ndefu katika jarida la New Yorker kuitetea. Mwaka uliofuata kiti cha Crowther kilikuwa na mtu mwingine. Lakini kulikuwa na wa tatu, Joe Morgenstern wa Newsweek. Naye aliiponda, halafu akarudi kuitazama tena, safari hii kati ya watazamaji wa kawaida, na wiki iliyofuata akaandika mara ya pili kwamba mara ya kwanza alikosea.

Mjomba alitafuna njugu kimya. "Huyo wa mwisho," akasema, "huyo naweza kupanda naye mashua."

Mwezi uliopita nilijaribu picha ya kwetu. Kati Kati ya Mbithi Masya ilipewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kule Toronto mwaka 2016. Msichana anaamkia nyikani, anakuta hoteli, na walioko humo wanamwambia kwamba amekufa, nao pia. Hakumbuki maisha yake. Haina ngumi, haina wimbo wa kuchezea, na kwenye daftari upande wa pili sikujua nimwandike nani. Niliiweka kwa sababu ni fupi.

Watoto walilala. Mama alitazama mpaka mwisho, akasema tu kwamba yule padri alimfanya asikie baridi. Shangazi, ambaye amerudi kuhudhuria kwa sharti kwamba yeye ndiye anayekaa karibu na waya, hakuugusa. Mjomba aliinuka katikati. Alipanga kandambili zake, akaaga, akasema mlangoni kwa sauti ya kusikika: "Picha gani hii, watu wakaa tu!"

Niliiandika hivyo hivyo kwenye daftari, pamoja na jina lake na tarehe.

Ijumaa iliyopita alikuja mapema, hata shuka sijaitundika. Alinishikia ncha moja, nikafunga chupa za mchanga, akazungumza habari za bei ya pweza na mashine ya mwanawe iliyokufa tena. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia:

"Ile ya yule msichana wa hoteli. Waliwahi kumwambia alikufaje?"

Nikamwambia jibu liko mwishoni, baada ya pale alipoondoka.

"Usinambie," akasema, akavuta kiti chake mbele kabisa, mahali pa watoto.