Pikapu ya mgodi, kitanda ndani: kugeuza sanduku la vyombo

Lubumbashi haikosi pikapu zenye sanduku mgongoni. Makampuni yanayohudumia migodi huzifungia sanduku la alumini au la chuma, lenye milango ya pembeni inayofunguka kwenda juu, na ndani rafu za spana, hozi na vipuri. Mkataba ukiisha, gari linauzwa pamoja na sanduku lake. Mnunuzi anayetaka kwenda kulala mbuga ya Kundelungu au kando ya mto Luapula huona kazi imebaki kidogo: toa rafu, ingiza godoro, ondoka.

Lakini sanduku hilo lilitengenezwa kwa ajili ya spana. Spana haipumui, haikohoi vumbi, wala haihitaji kufungua mlango ikiwa ndani. Kazi karibu yote ya kuligeuza inatokana na hapo, na kitanda ndicho sehemu iliyo rahisi.

Tuanze na mlango, maana huo unaua. Milango ya masanduku haya hufungwa na mshiko wa nje unaosukuma fimbo mbili za chuma, na ufunguo ukizungushwa mshiko haugeuki tena. Kuongeza mshiko wa ndani juu ya mhimili uleule hakusaidii kitu, kwa sababu ufunguo unazuia yote mawili. Dawa ni kuondoa boliti inayounganisha kila fimbo na kichwa cha mshiko, mahali pake ukaweka pini yenye pete. Ukivuta pete, fimbo inaachia hata kama nje kumefungwa. Fanya hivyo kwenye milango miwili iliyo pande tofauti, kwani gari linaweza kuegeshwa likibana ukuta au kulala ubavu. Halafu jaribu: mtu mmoja ndani, mwingine nje na ufunguo, gizani, bila tochi. Kama aliye ndani hajatoka kwa sekunde kumi, pete bado ni ndogo au imefichwa vibaya.

Kabla ya kugusa drili, osha. Vumbi la migodi yetu lina shaba na kobalti, na kobalti ni mbaya kwa mapafu. Usifagie likiwa kavu, wala usipulize kwa kompresa. Tumia maji, sabuni na brashi, mara mbili, hasa kwenye mikunjo ya bati na chini ya rafu. Ukiona unga mweupe au rangi iliyobabuka kwenye sakafu, hapo palikaa batri iliyovuja asidi. Koroga vijiko vichache vya bikaboneti katika maji, mwaga, subiri povu liishe, osha tena. Asidi ikiachwa chini ya mbao italila bati polepole bila mtu kuona.

Ukishatoa rafu, peleka gari kwenye mzani wa malori. Tupu kabisa, na tangi la mafuta limejaa. Uzito mkubwa ambao gari linaruhusiwa umeandikwa kwenye kibao cha kiwandani. Toa uzito uliopima, kinachobaki ndicho bajeti yako. Hesabu ya kawaida ya watu wawili, bila anasa, ni hii: kitanda na godoro kilo 50, umeme wote 35, friji tupu 20, maji 40, gesi na vyombo vya jikoni 20, chakula 30, gurudumu la pili la akiba 35, jeki na spana 25, watu wenyewe 150. Hiyo ni kilo 405, na sanduku lenyewe, ambalo mzani umeshalihesabu, linaweza kuwa 130 likiwa la alumini na kupita 200 likiwa la chuma. Hilux nyingi hubeba kati ya kilo 800 na 1,000. Inatosha, mradi usianze kuweka makabati ya mbao ngumu.

Gari lililofanya kazi mgodini mara nyingi springi zake za nyuma zimelala. Zitazame likiwa tupu: zikiwa zimenyooka kama rula, badilisha au ongeza bapa moja kila upande. Puto za hewa za kusaidia springi zinauzwa kwa maneno matamu, lakini zinasukuma shasi mahali pamoja katikati, na kwenye pikapu ya kabini mbili (yenye viti vya nyuma), ambako sanduku linaning'inia nyuma ya ekseli, shasi imewahi kupinda hapo kwenye nafasi kati ya kabini na bodi. Pita na brashi ya waya na tochi kwenye sehemu hiyo, na kwenye vishikio vya springi, kabla ya kulipa. Ufa uliochomelewa na kupakwa rangi nyeusi mpya ni sababu ya kwenda kuangalia gari jingine.

Sasa vumbi. Mtu wa mjini anaogopa mvua, kumbe kuanzia Mei mpaka Oktoba adui ni ule unga mwekundu. Gari likienda, hewa nyuma yake inakuwa na msukumo mdogo, hivyo sanduku linavuta vumbi (na moshi wa ekzosi) kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma. Kuziba peke yake hakumalizi, lakini ndiko mwanzo. Ingia ndani mchana wa jua kali, fungiwa, ukae dakika mbili macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga izungushie chaki. Utakuta matundu ya taa ya kuzunguka, ya antena ya redio, na ya ule mlingoti wa bendera ambao kila gari la mgodini hubeba. Matundu hayo yafunike kwa kipande cha alumini cha milimita 2, gundi ya poliuretani chini yake, riveti kila sentimita 3. Silikoni ya bafuni iache dukani: haishiki rangi, na ikishabanduka huacha mafuta yanayokataza gundi nyingine kushika. Sanduku likiwa la alumini na fremu ni ya chuma, paka rangi au weka raba katikati ya metali hizo mbili. Zikigusana na maji ya mvua, alumini inaoza kwanza.

Raba za milango usizikague kwa macho. Chukua noti ya franka 500, ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukwaruza, raba haigusi hapo. Pima kila sentimita 20. Mlango wa nyuma wa pikapu unavujisha zaidi chini, kwenye bawaba, na pembe mbili za chini. Hapo panahitaji raba nene yenye tundu katikati, milimita 15 au 20, iliyobandikwa kwenye bati lililosafishwa kwa spiriti.

Baada ya kuziba, geuza mchezo. Weka tundu la hewa juu, mbele ya sanduku, mdomo ukitazama mbele, na ndani yake sponji ya chujio la hewa la pikipiki. Gari likienda, hewa safi inaingia kwa nguvu kidogo, msukumo wa ndani unazidi wa nje, na vumbi linakosa njia. Tundu la sentimita 10 kwa 15 linatosha. Liwe na kifuniko, maana Januari utakuja kulilaani.

Tundu hilohilo linakusaidia usiku. Watu wawili waliolala hutoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho, na Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi ukiwa baridi, maji hayo yanakuwa matone kwenye bati na kurudi juu ya blanketi. Wengi hudhani sanduku linavuja, wanaongeza gundi, hali inazidi. Kinachotakiwa ni upenyo mmoja chini na mmoja juu, yote na chandarua cha waya, na feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ikitoa hewa juu. Hula kama ampea 0.2, usiku mzima haifiki ampea-saa 3.

Kwa ukuta na paa, sponji iliyofungwa vitundu, ile isiyonyonya maji, ya milimita 10 hadi 20, ibandikwe yote bila kuacha mfuko wa hewa. Pamba ya kioo inanyonya unyevu na kuozesha bati. Mbavu za fremu nazo zifunikwe. Mbavu moja iliyoachwa wazi itadondosha maji mstari mmoja juu ya kitanda, kila usiku.

Kitanda kinaamuliwa na kabini. Bodi ya kabini moja ina urefu wa kama mita 2.3: mtu analala kwa urefu wake na sentimita 40 zinabaki kwa jikoni. Kabini mbili ina mita 1.5 tu. Mmoja anaweza kulala mshazari, wawili hawawezi bila kipande cha kukunja kinachotoka juu ya mlango wa nyuma na turubai la kukifunika. Usiahidi mke wala mume kabla ya kupima.

Pima pia urefu wa kukaa. Mtu mzima akikaa anahitaji sentimita 90 kutoka godoro. Sakafu ya kitanda lazima ipite juu ya matao ya magurudumu, basi iko sentimita 30, na godoro 10. Sanduku lenye sentimita 95 ndani linakuachia 55: humo utaingia kwa kutambaa na kuvaa suruali ukiwa umelala. Lenye 130 linatoa 90 kamili. Hii ndiyo sababu ya kupendelea yale masanduku ya kimo kirefu yanayopita paa la kabini, hata kama yanakula mafuta zaidi barabarani.

Tripleksi ya milimita 12 inatosha juu ya fremu yenye vigingi kila sentimita 40. Karatasi nzima ya milimita 18 ina zaidi ya kilo 30, ya 12 kama 20, na tofauti hiyo ni bidoni nusu ya maji. Toboa matundu ya milimita 25 kila sentimita 15 ili godoro lipumue, la sivyo kuvu itaanza chini yake msimu wa kwanza wa mvua. Fremu ifungwe kwenye bodi kwa boliti zinazopita, washa pana chini, nati zenye plastiki ndani. Skrubu za mbao zinatoka zenyewe kwenye barabara ya makunyanzi.

Umeme Lubumbashi si tatizo la vifaa. Mji uliozoea kukatiwa umejaa paneli na batri. Tatizo ni waya. Nyaya nyingi zinazouzwa sokoni ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua kwa kisu, ukiona weupe rudisha. Ukubwa nao usipimwe kwa macho. Ampea 25 kutoka batri ya mbele hadi nyuma, mita 5 kwenda na 5 kurudi, kwa waya wa milimita mraba 6 zinapoteza volti 0.7, na batri ya nyuma itachelewa sana kujaa. Kwa 16 unapoteza 0.3. Fyuzi ya ampea 40 ikae karibu kabisa na kila batri, pande zote mbili, kwa sababu waya unaosuguana na shasi ukikatika katikati una umeme kila upande.

Batri ya lithiamu-fosfati ya ampea-saa 100 ina kilo kama 12, ya risasi kilo 28 na nusu tu ya umeme wake ndiyo ya kutumia. Friji ya kompresa ya lita 40 hula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku ya joto. Paneli ya wati 200 kwa jua la saa 5 inarudisha kama 55. Kiangazi inatosha na ziada. Mvua za Januari hesabu nusu, na utegemee alternata.

Jikoni ni mlango wa nyuma uliofunguliwa, basi. Gesi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inakaa sakafuni, hivyo kisanduku cha chupa kiwe na tundu chini linalotoka nje. Na mbabula, lile jiko la makala (makaa), isiingie ndani, hata makala yakiwa majivu juu na mekundu kidogo tu chini, hata baridi ya Kundelungu ikiwa kali namna gani. Kaboni monoksidi haina harufu, na sanduku ulilotoka kuliziba vizuri ndilo litakaloitunza.

Safari ya kwanza iwe Likasi, kama kilomita 120. Ukifika, kabla ya kutafuta bukari (ugali), chukua spana upite kila boliti ya kitanda, ya batri na ya sanduku lenyewe. Zitakaza robo mzunguko, nyingine nusu. Tia alama ya rangi kwenye nati na boliti, ili safari ijayo jicho lione kabla ya mkono.