Nilivyokadiria tofauti ya masafa ya kipokezi changu hapa Mtwara

Hapa Mtwara ninatengeneza ving'amuzi na kufunga antena, na kwa muda mrefu nilitamani kuandika mwenyewe programu ya kupokea matangazo ya televisheni ya mfumo wa DVB-T2, yaani mfumo wa kidijitali wa kurusha televisheni kwa antena za ardhini, ili vijana wanaojifunza ufundi kwangu waone yanayotendeka ndani ya king'amuzi kabla picha haijatokea. Kazi iliyonidai nguvu kuliko zote ilikuwa kukadiria tofauti ya masafa. Kipokezi huamini kwamba kimesimama kwenye masafa ya chaneli, kumbe kimesogea pembeni, na hakiwezi kusoma chochote mpaka kijue kimesogea kwa kiasi gani na kuelekea upande upi.

Nilitumia kifaa cha bei nafuu cha RTL-SDR, yaani kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye USB ya laptopu na kuiachia programu kazi ya kusoma mawimbi, ambacho masafa yake yote hutokana na kristali moja ya 28.8 MHz, inayotetema kama saa yake ya ndani. Kristali hiyo ikipotoka kwa sehemu 1 tu katika milioni, kwenye chaneli ya 594 MHz upotofu huwa 594 Hz, na kristali za bei nafuu hupotoka kwa makumi ya sehemu. Mitambo ya kurushia matangazo kwa kawaida hufuata saa ya GPS, kwa hiyo tofauti yote niliihesabu kuwa ya upande wangu. Ukubwa wa tatizo utaonekana ukikumbuka kwamba DVB-T2 huigawa chaneli katika maelfu ya vibebaji, yaani mawimbi membamba ambayo kila moja hubeba sehemu ya taarifa, na katika hali ya 32K, yenye vibebaji vingi kuliko zote, kibebaji kimoja na jirani yake hutenganishwa na 279 Hz tu.

Mlango wa kuingilia ni alama iitwayo P1, inayofungua kila fremu, yaani kila fungu la matangazo, na kudumu kwa maikrosekunde 224. Katikati yake kuna kipande A cha maikrosekunde 112. Mbele yake kimetangulia kipande C, ambacho ni nakala ya mwanzo wa A, na nyuma yake kimefuata kipande B, ambacho ni nakala ya mwisho wa A. Nakala zote mbili zimesogezwa kwa 8,929 Hz, ambayo ndiyo nafasi kati ya vibebaji vya P1. Kifaa changu hakiwezi kuchukua chaneli nzima ya 8 MHz kwa mkupuo, lakini marudio haya yamo katika kila kipande cha chaneli, hivyo 2 MHz za katikati zilinitosha. Kasi ya sampuli (vipimo vya wimbi) milioni 2 kwa sekunde niliichagua kwa makusudi, kwa sababu ukizibadilisha sampuli hizo kwa uwiano wa 32 kwa 7 unapata kasi ileile ya mfumo wenyewe, na P1 inakuwa na sampuli 2,048 kamili: 542 za C, 1,024 za A na 482 za B.

Baada ya kuurudisha ule msogeo, nililinganisha C na mwanzo wa A, kisha B na mwisho wa A. Kila ulinganisho hutoa namba changamano, yaani namba yenye ukubwa na pembe, nami nikazidisha matokeo hayo mawili. Kuzidisha huku ndiko kiini cha njia yote, kwa kuwa mzunguko usiojulikana unaotokana na msogeo huingia kwa pande zinazopingana na hufutana, ikabaki pembe inayotokana na tofauti ya masafa peke yake. Nyuzi 360 ni sawa na 8,929 Hz. Pembe yangu ilisimama karibu na nyuzi 85, yaani takriban 2,100 Hz. Ninashauri zijumlishwe namba changamano za fremu nyingi kwanza, ndipo pembe ichukuliwe mwishoni. Anayetafuta wastani wa pembe zenyewe atapotoshwa zinapokaribia nyuzi 180.

Ili kuhakiki, tulihamisha masafa ya kifaa kwa hatua za 500 Hz, na kila hatua ilionekana katika jibu. Kisha kijana mmoja akauliza, "Fundi, mbona namba imeruka kutoka chanya kwenda hasi, na sisi tumesogeza kidogo tu?" Swali lake lilikuwa lenyewe hasa. Pembe haioni zaidi ya nusu ya nafasi, yaani 4,464 Hz kila upande, na ikivuka hapo huanza upya. Kwa hiyo ile 2,100 Hz ilikuwa sehemu tu ya jibu, na idadi ya nafasi kamili ilibidi itafutwe kwa njia nyingine.

P1 huwasha vibebaji 384 kati ya 853, kwa mpangilio usio na ulinganifu, ambao haubadiliki hata taarifa inayobebwa ikibadilika. Niliondoa kwanza ile sehemu ndogo ya 2,100 Hz, nikapima nishati ya kila kibebaji, kisha nikausogeza mpangilio uliomo kwenye jedwali la kiwango cha DVB-T2 hatua kwa hatua nikitafuta unapolingana zaidi. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye maji ya ghuba na mapaa ya bati yalikuwa yamedidimiza baadhi ya vibebaji, nami nikagawa nishati ya kila kimoja kwa wastani wa majirani zake. Hapo kilele kikasimama wazi kwenye nafasi ya 3. Nafasi 3 za 8,929 Hz pamoja na ile 2,100 Hz jumla ikawa takriban 28,900 Hz, yaani sehemu 48.6 katika milioni.

Kristali hiyohiyo ndiyo inayohesabu sampuli, kwa hiyo upotofu uleule ulipaswa kuonekana kama sampuli 97 kwa kila sekunde katika umbali kati ya P1 na P1, na ulionekana. Kwenye mawimbi ya simu za GSM karibu na 947 MHz tofauti ilikuwa kama 46 kHz, ambayo ni uwiano uleule.

Makadirio ya P1 huacha mabaki ya makumi ya Hz. Hayo niliyaondoa kwa kipindi cha ulinzi, ambacho hurudia mwisho wa kila alama ya data (zinazofuata baada ya P1) ya maikrosekunde 3,584 mwanzoni mwake, na ambacho huona mpaka 139.5 Hz kila upande. Kazi hii haikomi kipokezi kikishashika: joto la mchana na upepo wa dirishani hubadili kristali, na badiliko la 0.1 katika milioni ni 59 Hz, zaidi ya moja ya tano ya nafasi kati ya vibebaji, kwa hiyo programu yangu hupima na kusahihisha katika kila fremu.