Dagaa wa Mwanza si sadini

Ukiulizia dagaa pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, swali la kwanza utakalorudishiwa ni: wa hapa au wa Kigoma? Swali la bei hilo, lakini limegusa biolojia. Samaki hao hawamo hata kwenye oda moja, yaani kundi kubwa la uainishaji linalokusanya familia kadhaa.

Wa Kigoma, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni sadini kweli, oda ya Clupeiformes. Wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, oda ya Cypriniformes, aliko samaki aitwaye ningu. Wakenya humwita omena, Waganda mukene. Paketi zinazomwandika “sadini wa Ziwa Victoria” zinapotosha tu.

Mtaalamu wa wanyama Pellegrin alimpa dagaa wa Mwanza jina la Neobola argentea mwaka 1904. Jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Rastrineobola ililetwa na mtaalamu mwingine, Fowler, mwaka 1936. Ndiyo maana jina kamili huandikwa Rastrineobola argentea (Pellegrin, 1904). Mabano hayo si urembo: yanaonyesha spishi ilihamishwa kutoka jenasi ya mwanzo. Ukiyaacha umekosea. Kuhusu familia, vitabu vya zamani vinasema Cyprinidae. Siku hizi wengi wanamweka Danionidae, pamoja na Danio rerio, yule samaki wa mistari wa maabara.

Kumtambua, anza na tumbo. Pitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani. Wa Kigoma atakukwaruza kama msumeno mdogo, kwa kuwa ana magamba magumu yenye ncha chini ya tumbo. Wa Mwanza ni laini. Kisha tazama pezi la mgongoni: kwa wa Mwanza limesogea nyuma, juu ya pezi la mkunduni, kwa wa Kigoma liko karibu na katikati ya mgongo. Kipimo cha tatu ni mstari wa ubavuni, yaani safu ya vitundu vidogo kwenye magamba, ambao kwa wa Mwanza hushuka ghafla na kufuata upande wa tumbo hadi mkiani. Huo utafute kwa samaki mbichi, akiwa na maji, mwanga ukitokea pembeni. Magamba yake hubanduka upesi, na aliyeanikwa mchangani huwa amebaki bila mstari wa kuonekana. Kwa mkavu tegemea pezi. Urefu usiutegemee hata kidogo.

Vitoto vya furu, samaki wadogo wa ziwani, vikichanganyika humo, vitajulikana kwa miiba ya pezi la mgongoni, dagaa hana. Na dagaa mwenye tumbo lililofura usimdhanie ana mayai kabla hujampasua: mara nyingine ni Ligula, mnyoo mweupe bapa kama utepe.