Siku yangu moja na ukoka, Mbezi Beach, jua la Februari

Saa kumi na moja kasoro alfajiri nishaamka. Kazi yangu ni bustani, na naishi chumba cha uani kwenye nyumba ninayoitunza hapa Mbezi Beach, Dar es Salaam. Leo Alhamisi, siku ya maji. Vuli ilikwisha kitambo, masika bado, na miezi hii ndiyo inayoua ukoka wa watu. Mara nyingi anayeuua si jua, ni mwenye kushika mpira wa maji.

Kabla ya kuwasha pampu, navua kandambili napita katikati ya uwanja, kisha nageuka kutazama nyuma. Ukoka ulioshiba maji huinuka unyayo ukitoka. Wenye kiu hubaki umelala, na kijani chake huingia ukijivu. Leo upande wa geti, kusiko na kivuli mchana kutwa, nyayo zangu zimebaki zote. Chini ya mwembe hakuna hata moja.

Hesabu ya maji nilijifunza kwa taabu, naiandika hapa imsaidie mwingine. Lita moja juu ya mita moja ya mraba ni kina cha milimita moja. Uwanja wetu ni mita za mraba 400, na joto likiwa hivi ukoka unataka kama milimita 25 kwa wiki. Hizo ni lita 10,000, yaani boza zima. Lakini udongo wa huku ni mchanga mtupu. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo yanazama kuipita mizizi. Basi nagawa mara mbili: simtanki la lita 5,000 Jumatatu, na jingine Alhamisi. Siku nyingine zote, simwagilii.

Natega makopo ya maziwa sehemu tatu nione kama maji yanaanguka sawasawa. Kopo la karibu na ukuta lina nusu ya wenzake, kwa hiyo nasogeza kinyunyizio hatua nne. Jua likianza kuchoma, mimi nishamaliza. Ningeanza saa nne, upepo ungebeba robo ya maji barabarani na jua lingekunywa lake. Ningefanya usiku, majani yangelala mabichi mpaka asubuhi, na ukungu, ule ugonjwa wa majani, hupenda hivyo.

Saa moja na nusu, chai na vitumbua. Mama mwenye nyumba anatoka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Mbona jana na juzi sikuona maji? Ukoka si utakufa?”

Sikubishana naye. Nilichukua kisu, nikakata kipande cha ukoka wa pale kati, kikatoka na udongo wake, nikamwekea mkononi. Mizizi ilikuwa myeupe, mirefu kupita kiganja changu, na ule mchanga wa chini bado una ubaridi. Kisha nikakata kingine pembeni mwa bomba linalovuja, panapopata maji kidogo kila siku: mizizi yake haikufika hata urefu wa kidole, yote imejazana juu kama nywele. Maji yakiwa juu kila siku, mizizi ina haja gani ya kushuka? Na hapo juu ndipo jua linapopika. Akakishika kile cha kwanza kitambo, akasema, “Kumbe.” Neno hilo moja lilinifurahisha kutwa nzima.

Saa tatu, mashine ya kukatia ukoka. Natazama kwanza ncha za majani. Kisu kikiwa butu hakikati, kinachana, na kesho yake uwanja wote unakuwa na weupe kama umepigwa vumbi. Nimekinoa jana. Magurudumu nimeyapandisha, kiangazi sishuki chini ya sentimita sita, na siondoi zaidi ya theluthi moja ya jani. Jani refu ndilo kivuli cha udongo. Vipande vilivyokatwa siviokoti, vinabaki palepale vikizuia unyevu usikimbie.

Kuanzia saa sita uwanja unaachwa. Hakuna maji, hakuna mashine, na mbolea ndiyo kabisa. Mwaka jana nilitupa urea kwenye ukoka mkavu mchana, nikidhani naupa nguvu. Uliungua, pakabaki rangi ya kahawia upana wa mkeka, na hapakupona mpaka mvua za Aprili. Bado naumia nikikumbuka. Leo nimekaa chini ya mwembe nikiziba mpira uliotoboka kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Saa tisa, mdogo wangu wa nyumba ya pili ananiita. Kanyoa ukoka wake kipara “usiote haraka,” na maji yake ni ya kisima, yana chumvi. Mdomo wa ndoo umeganda weupe. Udongo uko wazi, ukiugusa unachoma. Nimemwambia auache ukue bila kukata mpaka masika, atandaze samadi iliyooza vizuri, nyembamba tu, na akija kupanda upya atafute paspalamu, aina nyingine ya ukoka. Hiyo inavumilia chumvi kuliko nyingine nyingi. Ana bidii kijana yule, hajapata wa kumwelekeza tu.

Saa kumi na moja jioni nang'oa ndago, yale magugu yenye viazi vidogo chini. Ardhi iliyonyweshwa alfajiri inalegea, ndago inatoka na kiazi chake. Ikikatikia juu, umefanya kazi bure. Watoto wametoka shule na mpira wao. Nawahamishia upande wa mwembe, maana ukoka wenye kiu haustahimili miguu.

Giza likiingia napita tena pekupeku. Nyayo karibu zote zimeinuka, isipokuwa pale getini. Nachoma bisibisi ndefu: inaingia vidole viwili, inagoma. Maji hayakushuka. Kesho alfajiri napatoboa kwa uma wa bustani, kisha ndoo nne za maji, polepole, hapo peke yake.