Daftari la Mchango wa Fundi

Usiku ambao Fundi aliumia, mimi nilikuwa katika chumba cha prufu, yaani nakala za majaribio zinazosomwa kutafuta makosa kabla ya kuchapwa, nikihesabu siku za Februari. Kalenda zote za mwaka 2012 zilitakiwa kuwa na Februari ya siku 29, na wateja wawili walikuwa wameshaleta michoro yenye siku 28, kwa hiyo nilikuwa nimejiwekea utaratibu wa kuanza na mwezi huo kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Ilikuwa Novemba 2011, msimu wa kalenda na diari, ambao kiwanda cha uchapaji hakilali. Na mwaka huo Dar es Salaam ilikuwa na sababu ya pili ya kutolala, nayo ni mgao wa umeme. Mchana kutwa tulikaa tukipiga soga kando ya mashine zilizonyamaza, na umeme uliporudi saa nne au saa tano usiku kila mtu alikimbilia nafasi yake.

Nitamwita Fundi kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote, ingawa mafundi kiwandani walikuwa wengi. Aliendesha mashine ya ofseti ya rangi mbili, na kwa kuwa alikuwa akiishi Mbagala Rangi Tatu, mzaha wa kiwanda ulikuwa kwamba rangi ya tatu huiacha nyumbani kwa mkewe. Mimi waliniita Mwalimu kwa ajili ya kalamu nyekundu tu, maana sijawahi kufundisha hata siku moja.

Usiku huo alikuwa akibadilisha wino kutoka bluu kwenda nyekundu. Ili rangi zisichanganyike, ni lazima blanketi lifutwe kwa kitambaa chenye petroli. Blanketi ni ule mpira unaopokea picha kutoka kwenye plati, bamba lenye picha ya kuchapwa, na kuilaza kwenye karatasi. Kwa utaratibu, mashine husimamishwa, silinda ikasogezwa kidogo kwa kitufe, ikafutwa, ikasogezwa tena. Kwa mazoea, tena mazoea yaliyojulikana mpaka ofisini, mashine iliachwa ikizunguka polepole na kitambaa kikashikiliwa juu yake, na kinga ya chuma iliyotakiwa kuzuia mkono ilikuwa imefunguliwa miezi mingi nyuma na kuegemezwa ukutani kwa sababu ilichelewesha kazi. Kitambaa kilinaswa. Nilisikia ukelele mmoja, kisha kelele za watu wengi, kisha mashine ikanyamaza. Nilipofika nilimkuta kijana wake wa kulisha karatasi amekumbatia swichi kuu na hataki kuiachia, hata baada ya kuambiwa mara tatu kwamba umeme umeshazimwa.

Alilazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na alipotoka mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Kiwanda kililipa bili za mwanzo, na kuhusu mengine tukaambiwa kwamba yanashughulikiwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilikuwa imeshapitishwa tangu mwaka 2008, lakini Mfuko wenyewe wa kulipa fidia hiyo ulikuja kuanza kazi mwaka 2015, kwa hiyo mwaka ule mtu aliyeumia kazini alitegemea zaidi huruma ya mwajiri wake na daftari la wenzake.

Daftari letu lilishonwa palepale kiwandani kwa mabaki ya karatasi za diari, na kwa kuwa mimi nilikuwa na mwandiko unaosomeka, nikafanywa katibu na mweka hazina kwa pamoja. Aliyesimamia jambo lenyewe alikuwa Mzee wa stoo, mtu aliyekuwa pale tangu enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi. Nilipoanza kupiga mistari ya safu tatu kama ilivyo desturi ya michango yetu, yaani Jina, Ahadi na Taslimu, aliniwekea kidole juu ya safu ya katikati.

"Hiyo iondoe, mwanangu. Mgonjwa hali ahadi."

Nikaifuta. Kisha akaniambia niandike jina langu kwanza, na niandike kitu kizito, kwa sababu watu hawachangi kwa kadiri ya mifuko yao bali kwa kadiri ya mstari wa kwanza. Katika hilo hakukosea. Nimeona michango mingi tangu wakati huo, na mstari wa kwanza ukiwa na 2,000 basi hata mkuu wa idara atatoa 3,000 na kujiona karimu. Nikaandika 20,000. Mfukoni nilikuwa na 10,000, nikaitia kwenye bahasha mbele ya Mzee, nikajiambia kwamba nyingine nitaitia tarehe 30 mshahara ukitoka, na hakuna aliyeniuliza kitu, kwa kuwa hakuna anayemhesabia fedha mweka hazina.

Tarehe 30 nikakaa karibu na dirisha la mhasibu, mahali pekee ambapo kila mtu hupita akiwa na fedha mkononi na bado hajazipangia uongo. Wengine walitoa bila kusimama. Mmoja alidai chenji. Mwenzetu aliyekuwa amehamia Mwanza alituma 15,000 kwa M-Pesa, pamoja na ya kutolea. Mama wa usafi alingoja mpaka foleni ikaisha, akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa noti ya 500 iliyokunjwa mara nne mpaka ikawa kama kidonge.

"Usiniandike, mwanangu. Mia tano haiandikwi."

Nilimwitikia, na alipoondoka nikamwandika. Mshahara wangu mwenyewe ulikuwa umeshaondoka kabla sijaugusa: mwenye nyumba wangu, kama wenye nyumba wengi wa jiji hili, alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na siku yake ilikuwa tarehe mosi Desemba. Ile 10,000 yangu ikasogezwa mbele.

Majina yalifika 31, na jumla iliyoandikwa ikawa 412,500. Hapo ndipo mabishano yalipoanza, kwa sababu wanaume wa mashine walitaka kumnunulia Fundi kitu cha kuonekana, kitu ambacho mgeni akiingia ataambiwa kwamba kimetoka kazini. Mmoja akapendekeza friji iliyotumika, ili shemeji auze barafu na juisi. Mama wa baindingi, aliyewasimamia wanawake wa kukunja na kushona vitabu, akamuuliza kama ametoka nchi gani, maana friji katika mwaka wa mgao ni kabati la kutunzia nguo. Kwa maoni yake, mtu aliyepoteza vidole vya kazi hapelekewi pambo. Anapelekewa chakula cha mwezi na fedha, na mkewe doti ya kanga, kwa sababu yeye ndiye atakayemfunga vifungo vya shati. Hakuna aliyejibu. Tukatenga 92,500 kwa ajili ya vitu, mchele, unga, sukari, mafuta ya kupikia na hiyo kanga, na iliyobaki ikaamuliwa ikae ndani ya bahasha.

Vijana wa mashine, kwa kutotaka kushindwa kabisa, walichapa kadi. Walitumia karatasi nene ya kung'aa iliyobaki kwenye majalada ya diari, wakaandika "Ugua Pole, Fundi" kwa bluu na nyekundu, kwenye mashine ileile.

Tulikwenda Jumapili ya tarehe 11 Desemba, siku mbili baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, tukiwa watu saba na gunia la mchele. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilihesabu fedha za kwenye bahasha mara mbili kitandani. Kwa hesabu ya daftari zilitakiwa kuwa 320,000, zilikuwa 310,000. Asubuhi nilijaribu kumkopa jirani, naye akaniambia kwamba alikuwa anakuja kwangu kwa shida hiyohiyo. Nikaifunga bahasha kwa gundi. Ndani ya daladala konda alilidai gunia nauli yake, Mama wa baindingi akabishana naye kuanzia Kariakoo mpaka Mtoni kwa Azizi Ali, na mimi nilishukuru kwa kelele zile, kwa kuwa hakuna aliyenitazama.

Fundi alitupokea akiwa amekaa kwenye mkeka barazani, mkono umefungwa bendeji na kuinuliwa juu ya mto. Tulisalimiana kwa urefu unaostahili, tukapewa maji, tukamwuliza shemeji habari za watoto, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja mkono. Kadi ndiyo iliyovunja ukimya. Aliipokea, akaisogeza karibu na jicho moja, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya kwa kila karatasi ya mia ya kazi zake.

"Nani kachapa hii? Rejista imekimbia."

Ni kweli, nyekundu ilikuwa imeipita bluu kwa unene wa unywele na herufi zikawa na kivuli. Tulicheka mpaka shemeji akatoka uani kuuliza kulikoni, na yule kijana wa kulisha karatasi, ambaye ndiye aliyeichapa, akacheka kuliko wote huku akijifuta macho kwa kola ya shati.

Kisha Mzee wa stoo akasimama, akasoma kutoka kwenye daftari kwa sauti ya mtu anayehutubia: tumepata 412,500, vitu vya 92,500 ndivyo hivi, na bahasha hii ina 320,000. Akaichukua kutoka mkononi mwangu na kumpa Fundi kwa mkono wake mwenyewe. Fundi alitaka kuipokea, akasita. Mkono wa kulia ulikuwa bendeji tupu, na wa kushoto hakuwa tayari kuutoa mbele ya mtu mzima anayempa heshima. Mwishowe aliunyoosha ule wenye bendeji, Mzee akailaza bahasha juu yake, na shemeji akaizuia isianguke.

Tulidhani shughuli imekwisha. Fundi akauliza, "Na daftari mmeliacha hapa au mnaondoka nalo?"

Nilijibu haraka kwamba nitamnakilia majina vizuri kwenye karatasi safi, maana hili limechafuka kwa wino na makosa. Sikuwa na wazo la nini ningebadilisha katika kunakili huko, lakini najua kwamba nilitaka kulala nalo usiku mmoja zaidi.

"Hapana, Mwalimu. Hilohilo."

Akaeleza, bila kumwelekea mtu yeyote, kwamba watu hawa wote wana wazazi na wana watoto wa kuoa, na siku zao zikifika hataki kuuliza nani alimpa nini. Mzee wa stoo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo lililonyooka. Nikalitoa. Shemeji akaliingiza kabatini, chini ya nguo.

Jumatatu yake nilingoja simu. Wiki nzima nilingoja. Kilichoninyima usingizi si 10,000 yenyewe, bali kwamba aliyeitoa bahasha kwa mkono wake na kutaja kiasi kwa kinywa chake alikuwa Mzee wa stoo, na mtu akihesabu na kukuta pungufu, jicho lake litakwenda wapi kama si huko? Mwisho wa Desemba nilikuwa na 10,000 ile mkononi, na nikagundua kwamba hailipiki tena, kwa sababu kuilipa kulihitaji maneno ambayo sikuwa nayo. Nikainunulia sementi ya nyumbani kwa mama.

Fundi alirudi kazini mwaka uliofuata, akawekwa stoo ya karatasi chini ya mzee huyohuyo. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala. Nilikuwa nikiwatazama wakati wa chai, yeye na Mzee, wakimiminiana kutoka kwenye chupa moja na kusukumiana sahani ya maandazi, na sikuona hata siku moja dalili ya neno lililobaki rohoni.

Naye alitembea na daftari lake. Binti wa Mama wa baindingi alipoolewa, mama yake akiwa amechanga 10,000, Fundi alipeleka 15,000. Kijana wa kulisha karatasi alipopata mtoto alipelekewa alichotoa na juu yake sabuni na nepi. Mjukuu wa mama wa usafi alipougua homa ya matumbo, Fundi alimpelekea 3,000, na mama yule akaja kunigombeza kwa kumwandika. Ndivyo desturi ilivyo, anayerudisha huongeza kidogo, ili isionekane kwamba alikuwa akilipa deni.

Mama yangu alifariki Agosti 2013. Msiba uliwekwa nyumbani, Kigogo, turubai limefungwa kutoka ukutani mpaka kwenye mwembe, na mlangoni kulikuwa na meza ndogo ambapo binamu yangu alikaa na daftari la rambirambi. Siku ya pili, baada ya maziko, walikuja wa kazini. Fundi aliingia nyuma ya wenzake, akavua viatu, akanipa pole, akakaa nami kwenye mkeka kwa muda bila kusema neno, kama watu wanaojua msiba wanavyokaa. Alipotaka kuondoka alitoa bahasha mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaihamishia wa kulia, akaibana kati ya kidole gumba na kile cha mwisho, akaninyooshea.

"Nimeleta kama ilivyoandikwa, Mwalimu."

Niliipokea kwa mikono miwili. Tukatembea pamoja mpaka mezani. Binamu aliifungua, akatoa noti mbili za 10,000, akauliza jina kamili la mtoaji, akaliandika polepole, akavuta mstari wa nukta mpaka safu ya pili, akaandika 20,000.