Jeraha Chini ya Mdomo wa Juu

Miaka michache baada ya kutungwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nilikuwa daktari wa meno katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, na ndipo alipoletwa kwangu mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, akiwa na baba yake mdogo. Maelezo niliyopewa yalikuwa mafupi: mtoto ameanguka kutoka mwembeni tangu juzi na jino la mbele linacheza.

Watoto huanguka, na mdomo uliovimba peke yake haunitii shaka. Lakini anayeanguka kwa kawaida huumia paji la uso, kidevu, viwiko na magoti, na magoti ya mtoto huyu hayakuwa hata na mchubuko. Nyuma ya sikio la kushoto damu ilikuwa imevilia, na kwenye pembe zote mbili za mdomo palikuwa na makovu ya zamani, kama ya mtu aliyewahi kufungwa kitambaa. Nilipouinua mdomo wa juu, nikakuta ule ugozi mwembamba unaoushikanisha na ufizi umechanika. Ugozi huo huweza kuchanika kwa kuanguka, ni kweli, ila dalili zile zote kwa pamoja hazikuafikiana na habari ya mwembe.

Wakati wa kupiga picha ya eksirei nilimwomba baba mdogo asubiri nje, nikamuuliza mtoto swali moja tu, bila kumlisha maneno: "Ilikuwaje, mwanangu?"

"Nilimwaga uji," akasema.

Niliyaandika maneno hayo kwenye faili kama alivyoyatamka. Muuguzi wetu, mama mtu mzima niliyemheshimu sana, akanivuta kando na kuniambia, "Daktari, hayo ni mambo ya nyumba za watu. Tutibu jino, waende zao." Naielewa hofu yake, kwa kuwa mji ulikuwa mdogo na sote tulikutana sokoni. Hata hivyo, sheria ile inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa; haimtaki kwanza athibitishe nani amefanya nini. Kama mimi niliyekuwa nimeinama juu ya uso wa mtoto yule, taa ikimmulika, ningenyamaza, sijui ni nani mwingine angeyaona yaliyofichwa na mdomo wake.

Nilimwita afisa ustawi wa jamii, naye akafuatana nao hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Waliporudi na fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha aliyoyaona, niliijaza kwa utulivu: upande wa kila jeraha, ukubwa wake kwa milimita, rangi yake.

Kesi ilipofika mahakamani, mtoto alikuwa akiishi kwa bibi yake mzaa mama. Wakili wa utetezi aliniuliza nilijuaje kwamba hakuanguka. Nilimjibu kwamba sikuitwa kueleza nani alimpiga bali nilichokiona, kisha nikaisoma PF3 mstari kwa mstari, na hakimu akaipokea kuwa kielelezo.